Kitundu Kisichokuwa na Mwenyewe

Enzi zetu, mtoto akizaliwa Bondeni, hata kitovu hakijadondoka alikuwa ameshagawanywa. Wanawake wa mtaa wakija kumtazama mzazi, kahawa mkononi, ubani unafuka, mmoja atamchukua mtoto ampeleke dirishani penye mwanga, na kesi ianze. Pua hii ya babake. La, ya mamake mdogo, hebu itazame vizuri! Vidole vya babu. Kisogo, Mungu amhifadhi, cha upande wa mama. Mtu haondoki mpaka kila kiungo kimepata mwenyewe. Siku hizi mtoto hajafungua macho keshapigwa picha, keshatumwa Dubai, na watu wanarudisha vikopa vyekundu vya mapenzi. Nani anaangalia kisogo?

Mimi niligawanywa, kikabaki kitu. Mbele ya sikio langu la kulia, pale juu linapoanzia, nimezaliwa na kitundu kidogo, utadhani mtu alinidunga sindano. Baba hana, mama hana, ndugu zangu hawana. Nilivyosimuliwa, siku hiyo kina mama walikitafutia mwenyewe mpaka kahawa ikapoa, wasimpate. Wakasema basi ni kitundu cha riziki, yakaisha.

Yakaisha kwao. Athumani, mtoto wa ami yangu, tuliyelelewa naye nyumba moja, hakuyamaliza. Kila nikimshinda kwenye kibe, akitoka mafichoni ananiambia, "Wewe si wetu. Wewe uliokotwa Kibarani. Hapo kwenye kitundu ndipo walipokutia kamba wakakuburura." Mnaoikumbuka Kibarani ya zamani, jaa la mji mzima, ule moshi na ile harufu, mtajua nililiaje. Nikimkimbilia mama, naye akisikia tu Kibarani, anacheka mpaka anashika mbavu. Kicheko kile mimi nilikiona ndio ushahidi wenyewe. Tukivuka Makupa kwenda Changamwe, na jaa liko pale kando ya njia, nilikuwa naziba sikio kwa kiganja na kujikunyata ndani ya buibui la mama, nisije nikatambuliwa na wenyewe wakanidai.

Lakini msinionee huruma sana, maana utoto wenyewe ulikuwa raha tupu. Asubuhi mahamri kwa mbaazi, alasiri viazi vya karai ndani ya kipande cha gazeti, ukwaju unachuruzika mpaka viwikoni. Mabuyu yalitufanya ndimi nyekundu, tukatoleana ndimi hizo hata chuoni tukisoma Kurani, na mwalimu akatupa haki yetu. Jioni tulirusha vijiwe vya kode barazani, na Nana, mamake baba, ameketi kwenye mkeka anatuamua. Nana alikuwa wa zamani hasa. Masikio yake yalitogwa kuzunguka ukingo wote, na kila tundu lina kipuli chake cha karatasi ya rangi iliyoviringwa. Wasichana wa leo wanatoboa tundu tatu wakajiona wamevumbua kitu!

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wetu wa baiolojia, bwana mmoja mpole kutoka bara, alituletea hadubini. Moja, darasa zima. Akatuambia tujikwangue ndani ya shavu kwa kijiti cha meno, tupake kwenye kioo, tutie tone la rangi ya buluu. Zamu yangu ilipofika nikafumba jicho moja, nikachungulia. Yarabi! Nikaziona seli zangu mwenyewe, zimelala ovyo kama chapati zilizomwagwa kwenye sinia, na kila moja ina doa katikati.

"Hilo doa ni kiini," mwalimu akasema. "Ndani yake mna nyuzi nyembamba zenye maagizo ya mwili wako wote. Nusu umepewa na baba, nusu na mama."

Nikanyanyua mkono. "Na kama mtu ana kitu ambacho baba hana wala mama hana?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Mtu anaweza kubeba agizo mwilini maisha yake yote, lisionekane kwake, akampa mwanawe. Rudi nyuma. Kaangalie bibi na babu."

Nilirudi nyumbani mbio. Tangu siku hiyo masikio ya watu yakakosa amani. Baba akisinzia, niko kichwani pake. Mama akisali, nakaa upande wake nangoja atoe salamu. Sikupata kitu, na Athumani akaanza kuniimbia Kibarani kwa sauti mpya nzito aliyoipata mwaka huo.

Ijumaa ilikuwa zamu yangu kumtia Nana mafuta ya nazi kichwani. Vipuli vyake vilikuwa vimetolewa kwa ajili ya kuoga, na masikio yamebaki matundu matupu. Nilikuwa nayaona kila wiki, lakini ni nani anayetafuta tundu moja kwenye sikio lililojaa matundu? Nikaona la kulia lina moja zaidi, juu kabisa, kwa mbele, nje ya msururu wa wenzake.

"Nana, hili mbona hukulitia kipuli siku zote?"

"Hilo halikupenya, mwanangu. Nalizaliwa nalo. Mama aliyenitoga alicheka, akasema huyu kazi yake imeshaanzwa."

"Na hukusema!"

"Nani kaniuliza? Na sikio langu mwenyewe nalionea wapi? Kwa wingi wa matundu, hilo nalishalisahau." Kisha akageuka. Kidole chake kikapapasa tundu lake, kikaja kwangu, kikarudi kwake. "Ewe! Kumbe wewe wangu mimi!" Akanivuta kifuani na mafuta yote, tukacheka huku nalia. Sijapata kufurahi vile tena.

Nana akamwita Athumani. "Ndoo hapa! Tazama hili, tazama na hili."

Akatazama sana. "Basi nyote wawili mliokotwa," akasema, na kipepeo cha Nana cha kujipepea kikamfuata mpaka mlangoni.

Nana hayupo sasa, na masikio kama yale hayapo tena mjini. Hata Kibarani pamesafishwa pakapandwa miti. Ukimwambia mtoto kaokotwa huko ataona sifa. Juzi Athumani, babu mzima sasa, magoti hayamtii, alinipigia niende Mwembe Tayari kumwona mjukuu wake wa kwanza. Hapakuwa na kahawa wala ubani. Kila mtu na simu yake. Mama mtoto, msichana mzuri mwenye wasiwasi, akaniambia daktari amesema mtoto hana neno, ila yeye hajatulia: mtoto ana kitundu mbele ya sikio, na si kwake wala si kwa mumewe.

"Wala si kwangu," Athumani akadakia.

Nikamchukua mtoto, nikampeleka dirishani penye mwanga. Kitundu kile kile, cha kulia. Miaka yote hiyo Athumani alikibeba mwilini, na mdomo wote ule! Nikavuta mtandio nyuma, nikaweka sikio langu karibu na la mtoto ili waone wote, simu zikawekwa chini.

"Haya, Athumani," nikamuuliza, "huyu naye mmemuokota wapi?"

Athumani alitaka kucheka, ikashindikana. Akafuta macho kwa kiganja.

"Kwa Nana," akasema.