Pinki Imepita, Waridi Haijafika

Saa nane mchana bati linachoma, na mwalimu wa kemia amesimama juu ya kiti akibana pazia la maabara kwa vibanio vya nguo. Pazia lenyewe ni shuka lake la kitandani. Bila giza, projekta haionyeshi kitu.

"Madam, leo sinema gani?" anatania binti aliyekaa mbele.

Darasa linacheka. Shuleni hapa wanamwita Mama Sinema. Ameshazoea, na nguvu za kukasirika hana.

Anashuka taratibu, mkono kiunoni. Ana wanafunzi tisini na bureti mbili, ile mirija ya glasi yenye koki ya kudondoshea tone kwa tone. Moja inavuja. Ndiyo maana alianza kujirekodi kwa simu akifanya jaribio mara moja, kisha darasa zima liangalie ukutani. Projekta aliiomba kwa mkuu wa shule mpaka midomo ikamkauka. Ikaja, mtumba.

"Nilidhani nimeutua mzigo," anasimulia baada ya kipindi. "Kumbe nimebadilisha bega tu."

Aliligundua hilo mwezi uliopita, kwenye mtihani wa kujipima. Wanafunzi waliingia kwa zamu. Kazi ilikuwa nyepesi: dondosha besi kwenye asidi yenye kiashiria, na maji yakigeuka rangi ya waridi, funga koki, soma kipimo. Wakadondosha. Maji yakageuka. Wakaendelea kudondosha.

"Nikamuuliza mmoja, mwanangu, mbona hufungi? Akanijibu kwa adabu kabisa: 'Madam, pinki imepita, ila waridi haijafika.'"

Anacheka, kicheko kinachoishia njiani.

Projekta ilikuwa imechakaa. Rangi ya bluu haikutoka tena, kwa hiyo kila kilicho pinki kilionekana ukutani kama chungwa. Kwenye video, sauti yake inasema "waridi". Neno hilo vijana hawalitumii, wao husema pinki tu. Wakaamini waridi ndilo jina la lile chungwa la ukutani.

"Hata mimi nilikuwa naona waridi pale ukutani," anasema. "Kwa sababu nilikuwepo ilipogeuka."

Karibu darasa zima lilifeli. Mkuu wa shule hakupaza sauti.

"Mwalimu, mtihani wenyewe ni mwezi ujao," alimwambia. "Wakifeli tena, hicho kidude kinarudi stoo. Mimi sitakitetea mbele ya wazazi."

Nyumbani, mumewe, ambaye ni fundi cherehani, alimsikiliza huku akitunga uzi.

"Sasa mama watoto, si ungesema pinki tu yakaisha?"

Alijitupa kitandani na viatu miguuni.

Hata hivyo, projekta irudi stoo hataki. Bila hiyo, anasema, wa viti vya nyuma watasoma kisogo cha mwenzao. Video zote amezirekodi upya wakati wa mapumziko, safari hii akitaja pinki na waridi pamoja. Na leo, kabla ya kuiwasha, anainua kipande cha kitambaa alichookota chini ya cherehani ya mumewe.

"Hii rangi gani?"

"Pinkiii!"

"Ndiyo waridi hiyo hiyo. Huo ukuta unawadanganya. Mmenisikia?"

"Kwa hiyo Madam, ukuta nao umefeli?" anadakia mmoja wa nyuma.

"Umefeli. Na mimi pia. Nyamazeni tuanze."

Kuanzia Jumamosi hii atawaita kwa makundi, kila mmoja aishike ile bureti nzima na kudondosha kwa mkono wake. Asidi iliyobaki haitoshi kurudia, kwa hiyo kila mtu ni mara moja tu. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya kulala.

Siku ya mtihani hataruhusiwa kuingia. Atasubiri nje, kwenye korido.

"Ninachoomba ni kimoja," anasema huku akikunja shuka. "Ikigeuka tu, wafunge koki. Wakifunga, nitatafuta kiti nikae."