Nilivyowauza Ng'ombe wa Maigizo Ipagala

Nilikwenda Dodoma kwa sababu moja. Binti yangu Nyemo, kiziwi tangu kuzaliwa, alitaka kuzunguka na kikundi cha maigizo mpaka Kondoa na Chemba, na wenye kikundi wakaniomba ruhusa kwa simu. Nikawaambia, ruhusa kwangu haitoki kwenye simu. Shule niliishia darasa la pili, lakini ng'ombe wa zizini kwangu nimewatafuta mwenyewe, na sikununua hata mmoja bila kumkagua meno.

Asubuhi niliondoka Haneti kwa basi. Milima ya Chenene ilikuwa imekauka, vumbi tupu. Mama mmoja wa Kirangi niliyekaa naye, nilipomweleza safari yangu, akaniuliza, "Mzee, kiziwi anaigizaje?"

"Ndiyo nakwenda kuona."

Mchana nikafika Ipagala, mtaa wa hapo Dodoma. Wanachezea kwenye banda la mabati, viti vya plastiki. Mama Tabu, mkuu wa kikundi, akanipokea akiwa na Nyemo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mnamlisha huyu?"

"Anatumalizia ugali, baba."

"Basi ni wangu kweli."

Alasiri mchezo ukaanza. Ni vita vya enzi za Mjerumani: askari wanakuja kuchukua ng'ombe, kijiji kinakataa. Nyemo ndiye mchungaji. Yeye anasema kwa lugha ya alama, na mwenzake anayesikia anasimama nyuma akiyatoa maneno yake kwa sauti. Askari wakamkamata. "Ng'ombe wako wapi?" Hapo mwenzake akafunga mdomo makusudi. Nyemo akawageukia wanakijiji akasema kwa mikono tu, na safari hii kwa ishara za machungani, zile tulizotunga mimi na yeye. Banda zima hakuna aliyeelewa. Mimi nilielewa! Fahari ikanipanda, nikasimama.

"Anasema wako korongoni, nyuma ya kilima!"

Askari akanigeukia taratibu. "Asante sana, mzee. Wewe ndiye tuliyekuwa tunamtafuta."

Watu wakaangua kicheko. "Msaliti huyo!" mama mmoja akapiga kelele. Nyemo hakucheka. Alinikazia macho, na askari walishaanza kuelekea korongoni. Nikaona nikikaa sasa, ng'ombe wamekwenda.

"Nimekosea!" nikasema. "Macho ya uzee haya. Walishahamishiwa Kondoa, jana."

"Unaapa?"

"Naapa kwa zizi langu."

Askari wakageuza njia. Nyuma ya migongo yao Nyemo akaniambia kwa mikono: vizuri, sasa kaa chini. Nikakaa.

Jioni Mama Tabu akaulizia ruhusa. Nyemo alisimama pembeni, mikono kifuani, akiuangalia mdomo wangu. Sikuufungua. Nikamfanyia ishara yetu ya kila alfajiri: ondoa miti ya zizi, watoke. Akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo kwetu halifanyiki, nikamwacha.

Kesho yake nikarudi Haneti. Njia nzima nilikuwa nawaza. Nilizoea kuamini kwamba anayepigana ni yule mwenye sauti. Sasa nimemwona mtu amekabwa, hatoi sauti, na wenye bunduki hawapati kitu. Mwenye mdomo nilikuwa mimi, na nusura niwape kundi zima.

Kikundi kikifika kwenu, nendeni mkaangalie. Ila mkimwelewa Nyemo, nyamazeni.