Masanduku ya Nyuki Tuliyoyapaka Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi wa Uwekezaji alinikabidhi fomu ya maswali sitini kabla hata sijaonyeshwa kiti. "Hii ndiyo tathmini," alisema. "Kampuni ikijibu vizuri, tunanunua hisa. Ikijibu vibaya, tunaaga." Kazi ya mfuko wetu ilikuwa kuweka mtaji mahali panapoleta faida na papo hapo kubadilisha maisha ya watu, na vyote viwili tulivipima. Mimi ni mdadisi tangu utotoni, kwa hiyo maswali sitini yalinifurahisha sana.

Baada ya miaka kadhaa ya makao makuu nikapangiwa Katavi. Kawajense, mjini Mpanda, tulinunua hisa katika kiwanda kidogo cha kuchuja asali cha Mama Skola, mjane asiyependa maneno mengi. Mtaji ulikuja kwa awamu mbili. Ya pili ingetolewa kwa sharti kwamba wafuga nyuki wake waache mizinga ya magome, watumie masanduku ya kisasa. Tuliyapaka rangi ya bluu na nembo yetu, tukayapanga chini kwenye vigoda ili wageni wa mfuko wayapige picha bila taabu.

Msimu ukafika, masanduku matupu. Mkurugenzi akapiga simu.

"Andika wameshindwa kubadilika. Tunajitoa."

Bila awamu ya pili, Mama Skola angefunga kiwanda. Nilishika kalamu, lakini kutojua sababu kulinikera mno. Nikaenda msituni na Bwana Lusambo, mfuga nyuki wa kabila la Wakonongo aliyekuwa akimuuzia Mama Skola asali tangu mwanzo. Alinusa sanduku, akacheka.

"Rangi hii inanuka, mama. Nyuki hawezi kukaa humu. Halafu kuweka chini hivi, mmemwandalia nyegere, yule mla asali, meza."

"Mlijua tangu lini?"

"Siku ile mnayashusha kwenye lori."

"Mbona hamkusema?"

"Nyie mlikuja na fomu. Tukajibu yaliyoulizwa."

Niliona aibu mbele ya mzee wa watu. Nikaandika ripoti kwamba kosa ni letu. Mkurugenzi alinionya, "Ukiituma hiyo, umeneja usahau." Nikaituma. Masanduku yakakwanguliwa rangi, yakapakwa nta ndani, yakatundikwa juu ya miti. Nyuki wakaingia, awamu ya pili ikatoka. Mama Skola hakunishukuru, alinipa tu chupa ya asali na kuniambia nirudi ofisini.

Umeneja sikuupata, na iliniuma, sifichi. Nimestaafu hapahapa Mpanda, naishi Misunkumilo, na vijana wa fani hii hunijia wakitaka kujua kazi ilikwendaje zamani. Nawasimulia ya Bwana Lusambo, wanacheka sana. Kinachobaki siwaambii kila mara. Kabla ya Katavi, nikiwa makao makuu, niliwahi kuandika "wameshindwa kubadilika" kuhusu kampuni mbili nyingine. Sikwenda kuziona. Zote mbili zilifungwa, na mpaka leo sijui wale watu wangenijibu nini.