Mpishi na Bei ya Meno

Denise Pelkey alikuwa mpishi wa shule ya msingi katika mji mdogo wa kiwanda cha karatasi, kaskazini kabisa mwa Maine, na kwa miaka kumi na miwili ya kupakua makaroni hakuna mtu aliyewahi kumchezea. Mwalimu mkuu mwenyewe akitaka kijiko cha pili, alikuwa anaomba kwa adabu. Kila asubuhi Denise aliandika kwa chaki chakula cha siku kwenye ubao wa pale dirisha la kupakulia, kwa mwandiko uliolalia nyuma, kisha chini yake akapiga mstari wa mawimbi na kuumalizia kwa kinyota. Nusu ya watoto wa mji ule walijifunzia kusoma kwenye ubao huo, maana ndio uliokuwa na habari za maana.

Sasa huyo asiyemwogopa mtu, aliyekuja kumtoa jasho ni binti yake mwenyewe. Josie, miaka sita, aling'oka jino lake la kwanza Jumatatu. Denise akafanya vile vile alivyofanyiwa na mama yake. Jino likawekwa chini ya mto wa kulalia, na asubuhi halikuwepo. Kichimbakazi wa Meno, yule wa hadithi anayenunua meno ya watoto usiku, ambaye kazi yake wazazi humfanyia kwa siri, alikuwa amepita na mabawa yake, kalichukua, kaacha dola moja. Josie alirukaruka kitandani mpaka chaga zikalia. Dola nzima! Akaenda nayo shule mfukoni, anaishikashika njia nzima.

Jioni akarudi kafumba mdomo.

"Una nini wewe?"

"Kenzie wa darasani kwetu kapewa ishirini," Josie akasema, midomo haifunguki.

"Ishirini nini?"

"Dola, Mama! Kwa jino moja. Tena lake dogo." Machozi yakaanza kumlengalenga. "Kichimbakazi kaona meno yangu mabovu."

Denise akamwambia meno yake ni mazuri, akamwapia, wapi! Mtoto alipiga mswaki mara tano jioni ile mpaka fizi zikamwuma, na mtu akimchekesha aliuficha mdomo kwa kiganja. Mtoto aliyekuwa akicheka hata mbwa akipiga chafya! Denise aliumia, jamani. Akasema moyoni, huyo baba yake Kenzie kesho atanitambua.

Baba yake Kenzie ni Travis Nadeau, fundi wa kuezeka mapaa, mwenye mkono wa birika ambao mji mzima unaujua. Huchemsha kahawa ile ile mara mbili. Asubuhi, kwenye foleni ya magari ya kushusha watoto, Denise alitoka jikoni na aproni yake, akaikanyaga theluji mpaka kwenye gari la Travis, akagonga kioo.

"Wewe Travis! Dola ishirini kwa jino? Lilikuwa la dhahabu?"

Travis akashusha kioo, uso umemshuka. "Dada Denise, usinimalize. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mtoto anaanza kugeukageuka, mimi napapasa pochi, mna noti moja tu, ndiyo hiyo. Ningeomba chenji kwa nani, kwa mto?"

"Haya, na sasa?"

"Sasa ana mengine manne yanalegea! Jana nimemkuta anatikisa moja kwa ulimi huku ananitazama. Themanini hizo! Na nani anaezeka paa na theluji hii?"

Denise alikuwa amekuja kugomba. Akajikuta anacheka mpaka akashikilia kioo cha pembeni asianguke. Lakini akili yake ilishafanya kazi. Hili si la mtu mmoja, akasema, hili ni la darasa zima.

Alhamisi, watoto walipokuwa darasani, wazazi kumi na wanane wa darasa la kwanza walikaa ukumbi wa chakula kwenye viti vya watoto, magoti yanagusa videvu, wakajadili bei. Bibi mmoja alisema senti ishirini na tano zinatosha, yeye alipewa hizo na akakua. Mama muuza nyumba akataja dola kumi, akaguniwa mpaka akashuka mwenyewe. Mwingine akauliza jino lenye tundu linakatwa kiasi gani. Baada ya saa nzima wakakubaliana: dola mbili kila jino, zima au bovu, na atakayezidisha ataona aibu mbele ya wenzake. Denise akajitolea kuandika barua kumi na nane za Kichimbakazi, kwa wino wa dhahabu: "Tangu leo jino ni dola mbili, kwa kila mtoto. Pigeni mswaki." Kila mzazi akaondoka na yake ya kuweka chini ya mto. Travis nusura ambusu mkono.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya pizza. Darasa la kwanza likaja foleni na barua zao, wanaoneshana, hii yangu, hii yangu. Mvulana mmoja, Wyatt, akatazama barua yake, akainua macho ubaoni. Akarudi kwenye barua. Mwandiko unalalia nyuma. Mstari wa mawimbi. Kinyota.

"Ni yeye!" Wyatt akapiga ukelele. "Kichimbakazi ni Bi Denise!"

Masikini Denise, mkono ulimwishia hewani na kipande cha pizza. Hakujua hata kwamba huwa anachora kinyota. Mkono wenyewe ndio uliozoea.

"Bi Denise, mabawa unayaweka wapi?"

"Si yamo kwenye ile kofia yake ya wavu!"

"Watoto, mimi ni mpishi tu!"

"Anakana," Kenzie akawaambia wenzake. "Lazima akane."

Mmoja akamsogezea jino ndani ya kitambaa cha karatasi, lina rojo la nyanya. "Nilipe sasa hivi, Bi Denise, usihangaike kuja."

Akatae, aseme nini? Kwamba barua ziliandikwa na nani? Akifungua mdomo tu, siri ya nyumba kumi na nane ipo sakafuni. Akachukua jino. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Mwisho wa foleni alikuwepo Josie, sinia tupu mkononi, hashangilii. Wenzake wakampisha. Akaja mpaka dirishani.

"Kumbe ni wewe."

"Josie, mama..."

"Kenzie ulimpa ishirini," Josie akasema, na sauti ikamkatika. "Mimi mtoto wako, ukanipa moja."

Katika maisha yake Denise hakuwahi kutazamwa hivyo, tena na huyu. Angeweza kutaja pochi ya Travis, yakaisha, lakini watoto kumi na saba walikuwa wanamsikiliza. Akaizunguka meza ya kupakulia, akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Sikiliza. Jino la Kenzie nililinunua. Si langu, nikalipa. Meno yako wewe, nani kayatengeneza?"

Josie akavuta kamasi. "Nani?"

"Mimi! Tumboni mwangu, moja moja, huku natapika kila asubuhi. Sasa mtu ananunua kitu chake? Ile dola ilikuwa asante tu, kwa kunitunzia."

Josie akamtazama. Akatazama dari, vidole vinahesabu.

"Nilikuwa nakutunzia?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka sita?"

"Miaka sita."

"Kwa dola *moja*?"

Na akacheka, mdomo wazi, pengo lote nje mbele ya watu, akamnyooshea mama yake kiganja.