Debe la Mtama Mnadani Haneti

Siku ile mnadani Haneti tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike, ambaye mguu wake ulihitaji upasuaji Dodoma mjini, mwanamume mmoja mwenye kipaza sauti, mtendaji wa kata, na bibi jirani yetu, debe la mtama kichwani. Wengine wote walifuata ng'ombe.

Yule wa kipaza sauti alijileta mwenyewe. "Mpandishe mtoto mezani, avue kiatu watu waone, niwachangishie. Theluthi ya hela yangu, zinazobaki zenu."

"Mdogo wangu si mbuzi wa mnada."

"Haya, tuone huo mdomo utakuchangishia nini!" Watu wakacheka. Akaenda zake.

Mtendaji akafika. "Kibali cha kuchangisha kiko wapi, binti?"

"Shikamoo. Hiki hapa."

Niliacha shule darasa la tano, wazazi walipofariki, nikawalea wadogo zangu. Lakini kibali kile nilikihangaikia wiki nyingi na kila mstari niliujua: fedha ziingie kwenye sanduku lenye kufuli, na kila mtoaji aandikwe. Alikagua kufuli, akakagua daftari, kisha akaliona debe.

"Na hilo?"

"Mtama."

"Kibali kinasema fedha. Urudishwe."

Hilo sikuliwaza nilipokuwa naomba kibali. Nilisahau kwamba huku kwetu, mtu akikosa hela hutoa alicholima.

Bibi akaliweka debe miguuni pangu. "Mwanangu mtendaji, hii ni mbegu. Mbegu haitolewi sadaka, huazimwa. Auze leo, atanirudishia akivuna."

"Kwa hiyo si mchango?"

"Ni deni langu," nikasema, kwa sauti hata wanunuzi wa ng'ombe wasikie. "Kukopa kwa jirani hakuombewi kibali."

Alimtazama bibi, akanitazama mimi, akanirudishia karatasi yangu.

Sanduku lililipa upasuaji. Mtama ulilipa nauli na chakula cha wodini. Leo mdogo wangu anatembea, na wapo wanaosema kiburi changu kiliniponza, kwamba ningempandisha mezani nisingedaiwa na mtu. Waseme. Mguu wake hajauona asiyehusika.

Mvua ilinikatalia misimu miwili. Nikampelekea bibi hela, akazisukuma. "Nilikupa hela mimi?"

Mwaka huu nimevuna kidogo. Nimempelekea nusu debe, mtama uliopetwa vizuri. Nusu nyingine bado ananidai.