Lenzi ya Papa Alphonse

Watu wa Kabondo, mtaa wetu mjini Kisangani, walimcheka Papa Alphonse kwa miaka miwili, nami nilicheka zaidi yao. Kwenye kitambulisho alikuwa na jina jingine, kama sisi sote wakati ule wa Zaire, majina ya Kizungu yalipokatazwa, lakini mtaani alikuwa Alphonse, mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba cha hatua nne. Aliagiza lenzi kutoka Kinshasa, akataka yenye namba kubwa, akiamini namba kubwa italeta familia nzima kwenye picha. Ikaja ya milimita 135. Ndani ya kile chumba ilichukua kichwa cha baba peke yake. Mama, watoto na shangazi wote wakabaki nje.

Mtu mwingine angelia. Yeye aliwaketisha wateja barazani, akavuka barabara, akasimama mbele ya duka la mawese, akawapiga picha kutoka huko. "Musitikisike!" alipiga kelele, huku baiskeli zikipita katikati na wapandaji wakimtania. Studio ikawa ghala la viti. Alivuka ile barabara mpaka akajua kwa miguu yake kila lenzi inaona upana gani, na kutoka umbali gani.

Mimi wakati huo nilikuwa sekretari kwa Patron Feruzi, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Maniema, mwenye depo, ghala la magunia, karibu na mto. Mwaka 1984 alileta kamera ya ulinzi. Fundi aliifunga kwenye ukuta wa ofisi, ikitazama uwanja na geti, akaweka televisheni ndogo mezani kwangu, akapanda ndege kurudi Kinshasa. Mungu wangu! Nilikaa kwenye kiti changu na uwanja wote ukawa mbele yangu: lori, magunia, ukuta, geti, hata mbuzi wa jirani. Nilifunga mapazia ili picha ing'ae, nikaanza kutembea kwa maringo kama mtu aliyepewa macho ya malaika.

Ijumaa moja, saa sita mchana, nilimwona mtu mwenye kofia ya buluu akitoka getini na gunia begani. Kofia ya buluu ilikuwa ya Papa Constant, mlinzi wetu. Nikampelekea patron habari mbio. Sikusema "nadhani". Nilisema, "Ni Papa Constant, nimemuona."

Papa Constant alijitetea kwamba kofia aliitundika kwenye msumari wa geti, na saa ile yeye alikuwa nyuma ya depo akiokota kahawa iliyomwagika. Hakuwa na shahidi. "Machine haina kubishana na mutu," patron alimjibu. "Lundi unaenda kwa bajandarme."

Jumatatu! Kila mtu Kisangani alijua maana ya kuingia mikononi mwa askari wale, na mzee yule alikuwa na miaka sitini.

Jumamosi asubuhi Papa Alphonse aliitwa ampige picha mshtakiwa, kwa ajili ya dosie, jalada la mashtaka. Alimkuta Papa Constant kwenye benchi la koridoni, mikono katikati ya magoti. Hakufungua hata mkoba wake. Aliuliza ameonekana wapi, akaletwa mezani kwangu, akainama mbele ya televisheni kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole chake kidogo juu ya picha ya mpakiaji mmoja wa magunia aliyesimama getini. Mtu mzima hakufika nusu ya kidole.

"Mademoiselle," aliniambia, "hapa unaona sura?"

"Naona mutu wazi kabisa, papa."

"Bon. Baki hapa. Tazama tu televizio, na utuambie iko nani."

Nikasikia akinong'ona na patron koridoni. Patron akacheka kwa hasira, "Alors, tumalize!" Miguu ikaondoka. Mimi nikaketi vizuri, nikajinyoosha. Baada ya dakika chache, mtu mwenye kofia ya buluu na koti la kaki kama la mlinzi wetu akapita getini kwenye televisheni, gunia begani, mgongo umepinda kidogo upande wa kushoto. Ningemjua popote.

"Ndiye!" nikapaza sauti. "Papa Constant, yule yule. Hata kutembea ni kwake!"

"Mutoto yangu," sauti ikasema nyuma yangu, taratibu, "mimi niko hapa."

Niligeuka. Papa Constant alikuwa amesimama mlangoni bila kofia. Nikatoka nje nikikimbia, na kule getini Patron Feruzi mwenyewe alikuwa anatua gunia, anavua kofia ya mlinzi, anajifuta jasho. Nilikuwa nimemwita mwizi bwana wa kahawa yote.

Patron hakucheka tena. Aliniangalia, akaangalia kamera, akamgeukia Papa Alphonse. "Elezea mimi," akasema.

Papa Alphonse akaomba sanduku aliloliacha fundi. Ndani mlikuwa na lenzi mbili ambazo hakuna aliyezigusa. Kwenye kamera ilikuwapo ya 8.5. Alichukua chaki, akahesabu hatua ishirini kutoka ukuta wa ofisi mpaka geti, kisha akamtuma mpakiaji atembee kando kando mpaka atoweke kwenye televisheni, na mimi nipige kelele "Basi!" Upana nao ukawa hatua ishirini. "Namba ndogo inaona vyote," alisema, "donc kila kimoja kinakuwa kidogo. Inajua kama mutu amepita. Haijui ni nani."

Akapanda ngazi, akafungua lenzi ile, akafunga ya 75. Tukapima tena. Safari hii picha ilichukua hatua mbili tu na kidogo. Lori halikuonekana tena, ukuta haukuonekana, mbuzi hakuonekana.

"Sasa tumepoteza uwanja," patron akalalamika.

"Ndiyo, patron. Inajua ni nani, lakini haijui kitu ingine. Uwanja unahitaji mutu mwenye macho." Akamtazama Papa Constant. "Papa, vaa kofia yako. Nenda kwa geti tuone."

Patron akampa mzee kofia kwa mikono yake miwili. Karatasi ya mashtaka aliyokuwa amewaandikia bajandarme aliitia mfukoni, na hatukuiona tena. Mwizi hatukumpata hadi leo.

Nilirudi kwenye kiti changu. Papa Constant alifika getini, akageuka, na kifua na uso wake vikajaa televisheni. Nilishtuka hata nikasogeza kiti nyuma. Nilikuwa nimemsalimia kila asubuhi kwa miaka saba, na sikuwahi kujua ana kovu chini ya jicho la kushoto. Macho yalikuwa mekundu. Mashavu yalikuwa na chumvi ya machozi ya usiku mzima. Alijua ni mimi ninayemtazama. Akainua mkono, akanisalimia kama kila siku.