Madumu ya Mfanyakazi Bora

Mdogo wangu amepulizia maua dawa ya wadudu miaka kumi na minne, bomba mgongoni, na zawadi aliyovuna ni madumu. Nasema madumu, msidhani natania! Kila mwisho wa mwaka msimamizi wa shamba huwapanga wafanyakazi bora, wakapigiwa makofi, kisha kila mmoja akapewa dumu tupu la dawa, la bluu, plastiki nene. Mdogo wangu anayo saba, na wenzake wanamwonea wivu.

Nyumbani yalisuguliwa kwa mchanga na sabuni, yakajazwa maji ya kunywa. Mimi mwenyewe, dada mtu, nimeyanywa maji hayo nikayasifu kwa ubaridi. Jamani, ujinga huu!

Mwaka wa tisa akapata kisukari, mtu mwembamba kama ufito. Wifi yangu, mkewe, akavimba tezi ya shingo. Mimba mbili zikatoka. Watu wakanong'ona, eti wifi ana mkosi. Mkosi! Jirani mmoja nilimpa maneno yake mpaka akafunga dirisha.

Sasa wifi ana mimba ya tatu, miezi mitano, na hata kupiga chafya anaogopa. Juzi nilimsindikiza kliniki. Nesi akauliza, "Maji ya kunywa mnaweka wapi?" Wifi akajibu kwa fahari kabisa. Nesi akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba baadhi ya dawa hizo zikiingia mwilini hujifanya homoni, au huzizuia homoni zisifanye kazi yake. Kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, zinachangia kisukari, maradhi ya tezi, hata kuharibika kwa mimba.

"Siwezi kuapa kwamba ndizo zilizowaletea yote haya," akasema. "Lakini dumu la sumu halioshwi likatakata. Acheni leo hii."

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Mdogo wangu akaanza, "Lakini dada, ile ni zawadi yangu..."

"Zawadi ya nani? Kikulacho ki nguoni mwako, wewe unakitekea maji!"

Nikachukua msumari na nyundo, nikayatoboa yote saba, na kazini nikamkataza kwenda.

Siku ya tatu msimamizi akaja kumuulizia. Kwapani ana dumu jingine tupu la bluu. "Nimesikia mgeni yuko njiani," akasema akitabasamu. "Hili la maji ya mtoto."

Nilimfokea pale pale mlangoni, nikamwaga yote aliyosema nesi, na mengine yangu ambayo siyaandiki. Nilingoja anijibu ili nimwongeze. Badala yake akakaa kwenye ngazi.

"Mwaka wa kwanza wa zawadi hizi nilimpelekea tajiri, mwenye shamba, madumu mawili nyumbani kwake," akasema polepole. "Akafoka, niyatoe haraka, watoto wake wasiyaguse. Halafu akasema, wape wafanyakazi. Nikadhani ni majivuno tu ya kitajiri, kudharau chombo kizuri."

Alijua! Miaka yote hiyo tajiri alijua, akawapigia wafanyakazi makofi.

Nikamuuliza msimamizi nyumbani kwake anayo mangapi.

"Binti yangu amejifungua mwezi jana," akasema. Akainuka, akaliacha dumu mlangoni, akaondoka mbio, mzee mzima yule, kofia ikamwanguka barabarani asigeuke kuiokota.